Vipande Vinane vya Ngozi ya Lubala

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu, kwa harufu yake. Ilikuwa harufu ya ngozi ya ng'ombe inayoungua jikoni, imechanganyika na samli, mchana, jua limesimama juu ya kinu cha pamba. Moshi ule niliufukiza mimi mwenyewe, tena nikiwa nacheka.

Milembe, mjukuu wa binti yangu Limi, nakuandikia kwa sababu ya kile kibanio cha nywele. Wiki iliyopita ulikuja kwangu macho yamevimba. Ukaniambia umekuta kibanio cha mwanamke kwenye bodaboda ya mumeo, kimeshikilia plastiki ya ubavuni mahali ambapo klipu yake imekatika. Ukasema utaing'oa plastiki yote uone kuna nini kingine kimefichwa humo. Nikakwambia kaa, kunywa uji. Sikukueleza kitu, maana maneno yangu ni marefu na ulikuwa unalia. Sasa soma.

Mimi Kabula niliolewa na Masanja miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kinu cha pamba, upande huu wa Shinyanga. Masanja alikuwa mpeleka barua wa kinu. Walimpa pikipiki ya kinu, nyeusi, nzito kama ndama, na mbele ilikuwa na mabati mawili makubwa ya kukinga miguu, moja kulia na moja kushoto. Kila bati lilishikwa na skrubu nne. Jumatatu alfajiri anaondoka na mfuko wa barua, anapita vituo vya pamba mpaka Kahama, analala huko, Jumatano anarudi. Nami nabaki na mtoto, Limi huyo huyo, wakati huo ana miezi minne.

Barabara unaijua sasa ilivyo, lami tupu. Wakati ule ilikuwa matuta matuta, inakutikisa mpaka meno. Skrubu zilikuwa zinalegea, nyingine zinadondoka njiani, na Masanja akirudi anashinda akitafuta nyingine za kuweka. Yale mabati yalikuwa yanapiga kelele, mwanangu! Akiwa bado kwenye miembe ya kwa mzee Shabani, karani wa kinu, sisi tunamsikia. Kwarakwarakwara! Limi anashtuka, analia. Nami namtolea maneno kabla hata hajazima injini.

"We Baba Limi, kwa nini usilitupe hilo debe lako? Kila nikimlaza mtoto, wewe unamwamsha!"

Yeye anacheka tu. "Debe hili ndilo linalokulisha, mama."

Maneno hayo nilikuwa nayasema kila Jumatano, mpaka mimi mwenyewe nikawa siyasikii. Yashike. Tutayarudia.

Basi Jumatano moja Masanja akarudi, kelele hakuna. Injini ilinguruma kama kawaida, lakini lile kwarakwara halikuwepo. Nilikuwa napepeta mtama nje, nikaona gurudumu limeshafika uwanjani. Alikuwa amechangamka, anatabasamu kama mtu anayengoja aulizwe jambo. Sikuuliza. Nilimwekea maji ya kuoga.

Jirani yangu Kwandu ndiye aliyeniambukiza. Sisemi alinidanganya, maana Kwandu hakuwa mwongo. Alikuwa na mdomo tu. Tulikuwa tunachota maji, akaniambia, "Mama Limi, mumeo siku hizi anaingia kimya."

"Anaingia kimya vipi? Pikipiki gani inaingia kimya?"

"Haya. Mimi wangu alianza hivyo hivyo na baiskeli. Kengele ikakoma, mwezi wa pili nikaletewa mwenzangu." Akajitwisha mtungi wake. Kisha akageuka, shingo imenyooka chini ya mzigo. "Na kule Kahama wanasema anafikia Nyasubi, kwa mjane mmoja. Nyamizi. Mnene hivi, mzuri."

Nyamizi. Jina hilo liliingia kifuani mwangu likakaa. Nikisonga ugali, nasonga Nyamizi. Nikimnyonyesha mtoto, naona mwanamke asiyenyonyesha, matiti yake bado yamesimama, anamwandalia mume wangu maji ya moto. Nilimpa sura, nikampa sauti, nikampa mpaka kanga za kuvaa, na kila siku nilimwongezea uzuri mpaka nikawa nimemtengeneza mwanamke ambaye hata mimi ningemfuata. Masanja akisifu mboga yangu nasema moyoni, anafunika jambo. Asiposifu nasema, amekula nzuri zaidi kwingine. Wivu, mwanangu, hauna siku ya kupumzika. Watu wanalala, wewe unachunga.

Ndipo ikafika Jumapili ile. Masanja alikwenda kusaidia kuezeka nyumba ya kaka yake, akaiacha pikipiki uwanjani. Nikaizunguka kama mtu anayezunguka shimo la nyoka. Nikainama kwenye bati la kulia. Chini ya kichwa cha skrubu, pale chuma kinapokutana na bati, nikaona kitu cheusi kinachungulia. Nikaenda kuchukua bisibisi kwenye mfuko wake.

Nikafungua. Kikaanguka mkononi mwangu kipande cha ngozi, duara, kidogo kama kifungo cha shati, kina tundu katikati. Kilikuwa laini, kinateleza, kinanuka samli. Nikafungua skrubu ya pili, kipande. Ya tatu, kipande. Mabati yote mawili, vipande vinane, vyote vimekatwa sawasawa na mkono usiotetemeka.

Wewe umezaliwa mjini, huenda hujui. Kwetu kuna dawa inaitwa samba, dawa ya mvuto. Mcheza ngoma anaitafuta ili watu wavutwe kwake, na mwanamke mwenye nia mbaya anaitafuta ili mume wa mtu asione njia ya nyumbani. Tuliambiwa inafungwa kwenye ngozi na kupakwa mafuta, halafu inafichwa pale mtu anapopita au anapokalia. Na mimi nimevikuta vipande vya ngozi vyenye mafuta, vimefichwa kwenye kitu kinachompeleka mume wangu Nyasubi kila wiki. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema, nimekushika.

Sikumwita mtu. Vipande saba nikavitupa jikoni kwenye moto, nikakaa nikivitazama vikijikunja, ndipo nikacheka. Cha nane nikakifunga kwenye pindo la kaniki yangu, nimpelekee mganga aniambie namna ya kumrudishia mwenyewe. Kisha nikazirudisha skrubu, bila ngozi, chuma kwenye chuma. Nilizikaza kwa mikono miwili kama ninamnyonga mtu. Nilikaza mpaka bati likalia.

Jumatatu alfajiri Masanja akaondoka. Mabati hayakupiga kelele, kwa jinsi nilivyoyakaza, kwa hiyo hakujua kitu. Nilimpungia mkono. Nilikuwa na furaha, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimpungia mkono kwa furaha.

Alirudi Jumatatu hiyo hiyo, alasiri, juu ya lori la pamba.

Bati la kulia lilikuwa limepasuka kuzunguka skrubu za chini. Matuta yaliendelea kulipasua mpaka likaachia, likaning'inia kwa juu, kisha ukingo wake ukaingia kwenye gurudumu la mbele. Pikipiki ilimrusha korongoni kabla ya kufika Isaka. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti na kuchanika na hilo bati. Wenye lori walimpeleka hospitali kwanza, wakamfunga mbao, kisha wakamleta, pikipiki imelazwa juu ya marobota karibu naye.

Mzee Shabani alikuja kutazama. Alikuwa mtu mwema, lakini kinu hakikuwa chake. Akasema, "Masanja, wakubwa wanasema wewe huangalii mali ya kinu. Wanataka pikipiki apewe mwingine. Nimewaomba. Bati ligongwe, lirudi mahali pake, lishike vizuri, na mimi nilikague mwenyewe kabla ya mwezi kuandama. Likishika, kazi inakungoja mpaka upone. Lisiposhika, mtahama kwenye nyumba hii."

Masanja alilala pale kwenye kitanda cha kamba, jasho linamtoka, anarudia neno moja. "Nilizifunga vizuri, mzee. Wallahi nilizifunga vizuri." Aliniangalia mimi nimtetee. "Mama Limi, si uliniona?"

Nikasema, "Nilikuona." Nikatoka nje.

Mama mkwe wangu, Ngolo, alifika siku ya pili kutoka Usanda, kwa miguu, ana kuku chini ya kwapa. Nilipiga magoti, nikamwamkia kama mama yangu, kwa Kisukuma chetu. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane, mwanangu." Akamwangalia mwanawe, akamshika paji la uso, akanipa kuku. Nilipoinama kumpokea, pindo la kaniki likafunguka, na kile kipande cha ngozi kikadondoka miguuni pake.

Alikiokota. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakinusa. Mimi nimesimama na kuku, nimekuwa jiwe. Nikajisemea, ni mtu mzima huyu, atakitambua kuwa ni samba, atanisaidia.

Alikitambua kweli. Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye pikipiki, mayu. Kuna mwanamke Nyasubi anamwekea Masanja dawa. Vilikuwa vinane. Saba nimevichoma."

Akakinusa tena. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu mbegu, "Kabula. Hii ni ngozi ya Lubala."

Nami nilimjua Lubala! Alikuwa dume la ng'ombe, jekundu, lenye paji jeupe, lililochinjwa siku ya arusi yangu. Nilikula nyama yake. Nililala juu ya ngozi yake siku zangu za kwanza katika nyumba ya watu.

"Masanja alikuja kwangu mwezi uliopita," akasema. "Akaniomba kipande cha ngozi ngumu ampelekee mwanamke fundi wa Nyasubi, amkatie vitu vya kutia kwenye yale mabati. Nikamwambia chukua hii ya kawaida, iko nyingi. Akakataa. Akasema anataka ya Lubala, ile mliyooana nayo, ndiyo imkinge njiani. Nikampa na samli ya kuilainishia. Samli yangu mwenyewe." Akakiweka kile kipande kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Ulimuuliza?"

"Hapana, mayu."

"Ulikuwa na bisibisi na moto, na mdomo ulikuwa nao. Ukatumia viwili, wa tatu ukauacha." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Sitamwambia mwanangu. Huo si mzigo wangu. Wewe utakwenda Nyasubi kwa huyo aliyevikata, akate vingine. Utavifunga kwa mkono wako huo huo. Na ukimaliza, utamwambia mumeo. Mimi nitakaa na mtoto, nitampa uji."

Nilipanda lori la pamba lililokuwa linakwenda Kahama. Njia nzima niliomba Mungu huyo Nyamizi awe mbaya. Nilisema, Mungu wangu, mpe japo makengeza.

Hakuwa na makengeza. Alikuwa mzuri kama Kwandu alivyosema, na mnene, kidevu chake kinang'aa. Alikaa kibarazani kwenye kigoda, ngozi mapajani, anashona viatu. Marehemu mumewe alikuwa fundi viatu, akamwachia sindano, visu na patasi ya kutobolea. Kitanda hakikuonekana popote ila kimoja cha upana wa mtu mmoja, kimejaa soli. Nilikichungulia, sikufichi.

"Shikamoo, dada. Mimi ni mke wa Masanja wa kinu."

"Marahaba! Mama Limi?" Akatupa sindano chini. "Karibu, karibu! Vipi, mabati yamenyamaza? Mtoto analala sasa?"

Sikuelewa. "Mtoto gani?"

"Si wako! Huyo mumeo kanichosha na habari zako. Analala kwa kaka yangu pale ng'ambo, lakini jioni nzima yuko hapa na skrubu zake. 'Nyamizi, mke wangu hapendi kelele, mtoto anaamka. Nyamizi, nitie nini katikati?' Nikamwambia tia ngozi, chuma kikilala juu ya ngozi hakisemi na hakipasuki. Akaniletea ngozi ya arusi, sijapata kuona! Nikasema, mtu huyu akili zake zimepotea." Akacheka, kisha akaniangalia vizuri, kicheko kikamkauka. "Una nini?"

Nikamwambia. Moto, bisibisi, korongo, mguu. Na neno lile la samba nikalitoa, maana lilikuwa linanisonga.

Nyamizi aliiondoa ngozi mapajani. "Samba," akasema. "Mimi. Dada yangu, ningekuwa na samba ningelala peke yangu mwaka wa tano huu?" Akageuka, akawa anapangusa kisu chake ambacho hakikuwa kichafu. "Ulikuwa unanionea wivu, sivyo? Haya. Mimi nilikuwa nakaa hapa namsikiliza mwanamume anatafuta namna ya kumnyamazishia mke wake mabati. Nikifunga mlango nasema, huyo mke ana nini? Sasa nimekuona. Una miguu myembamba tu."

Tulicheka sote wawili, mwanangu, na kicheko hicho kiliniuma pia. Maana hata pale, nikimwangalia anavyoshika ile skrubu bila kuitazama, niliona wivu. Mikono yake ilikijua kitu cha mume wangu kuliko yangu. Yeye aliuliza kelele inatoka wapi. Mimi nililalamika tu.

Kipande cha ngozi ya Lubala kilikuwa kimebaki kwake, upana wa kiganja. Nyamizi akakata cha mfano kwenye kipande cha soli nikaona. Kisha akanipa kisu. "Kata mwenyewe. Sikukatii mimi, usije ukavichoma tena." Niliharibu sita. Alikuwa ananipiga kidogo mkononi na mpini, "Usilazimishe! Zungusha ngozi, acha kisu kikae." Kufikia jioni nilikuwa na saba vyangu, na kile nilichokuja nacho pindoni, cha mkono wake. Vinane.

Nilirudi Ijumaa. Bati lilikuwa limeshagongwa na kuzibwa ufa kwa kiraka. Nikaomba Masanja atolewe nje, akaegeshwa ukutani, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Nikakaa chini mbele ya pikipiki na bisibisi. Mama yake akaingia ndani na Limi, akafunga mlango.

"Unafanya nini, Mama Limi?"

"Natia ngozi. Zile za kwanza nilizitoa mimi. Nilizichoma. Nilidhani ni dawa ya Nyamizi." Sikumwangalia. Niliongea na skrubu. "Hukukosea kufunga, Baba Limi. Mimi ndiye niliyekutupa korongoni."

Nikatia kipande cha kwanza, nikaingiza skrubu, nikazungusha. Sikusikia hata pumzi yake. Nikatia cha pili. Nilifikiri, sasa atasema niende kwetu, na atakuwa na haki, na Limi atabaki. Nikawa nakaza, nakaza.

"Usikaze hivyo," akasema.

Nikaacha kuzungusha.

"Kaza mpaka igome mkononi, halafu rudisha kidogo. Ngozi inataka nafasi ya kupumua. Ukiibana sana itapasua bati tena." Sauti yake ilikuwa kavu. Baada ya kipande cha tano ndipo aliposema, "Ungeniuliza, Kabula." Aliniita jina langu, ambalo hakuwa amelitaja tangu Limi azaliwe. Hakusema zaidi, siku ile wala miaka iliyofuata.

Mzee Shabani alikuja, akaitikisa pikipiki kwa nguvu zake zote. Ilikaa kimya. Akasema sawa. Kazi ikangoja.

Lakini mguu haukunyooka. Masanja alitembea akichechemea mpaka tulipomzika. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Miaka yote hiyo, akiingia uwanjani, nilisikia. Pikipiki ilikuwa imenyamaza, na mguu ukachukua kazi ya kuniambia kwamba amefika. Nyamizi alikuja mazikoni, mzee kama mimi, akalia sana, na nikiwa na uzee wangu wote nikajikuta nahesabu machozi yake. Ndivyo wivu ulivyo. Haufi, unazeeka na wewe tu. Nilimpa kigoda changu akalie.

Sasa nakwambia, Milembe. Sisemi kila mwanamume ni Masanja. Sijui kile kibanio cha nywele ni cha nani. Huenda abiria alikiangusha, na mumeo hakuwa na klipu. Huenda si hivyo. Lakini usiing'oe plastiki, usichome kitu, na usimpungie mkono wa furaha ukiwa umeshika jambo pindoni. Kiweke kibanio juu ya meza, mchana, mtoto akiwa amelala, umuulize kwa mdomo wako: hiki ni cha nani? Kisha unyamaze, umwache ajibu mpaka mwisho. Akikudanganya, utakuwa umejua bila kuvunja mguu wa mtu. Akikwambia kweli, kaa naye chini, umuulize pikipiki inalia wapi, umshikie bisibisi. Usiache mikono mingine iijue kazi yake kuliko yako, halafu ukaionea wivu mikono hiyo. Na nyumba yako ishike, lakini usiibane. Ukihisi imegoma, rudisha kidogo.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia kipande kimoja cha Lubala, kile cha mkono wa Nyamizi, nilichokitoa siku kinu kilipoiuza pikipiki. Kimekauka, lakini ukikipaka samli kitalainika. Mungu alitulize kila linalopiga kelele nyumbani kwako, akupe kinywa cha kuuliza na mume wa kujibu, na hatua zake zikiingia uwanjani ziwe sawa zote mbili.